Risala ya Watunza Miti wa Afrika Mashariki kwa Wanasayansi wa Jenomu za Miti, Kuelekea Kongamano la Nairobi la 2029

Waheshimiwa wanasayansi,

Tunaowaandikia ni wakusanya mbegu, watunza vitalu, wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, wafugaji nyuki, wakulima wa miti na mafundi sanifu wa maabara kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Baadhi yenu mnatufahamu kwa sura. Tumewatangulia vichakani na panga mkononi, tumewavusha mito, tumewafikisha kwenye mti ambao peke yenu msingeuona. Majina yetu hamkuyaandika, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyotufanya tushike kalamu.

Mwaka 2029 kongamano kuu la dunia la IUFRO, umoja wa kimataifa wa mashirika ya utafiti wa misitu, litafanyika Nairobi. Umoja huo ulizaliwa 1892 kule Eberswalde, Ujerumani. Makongamano yake yamekwenda Oslo, Kyoto, Kuala Lumpur, Brisbane, Seoul, Salt Lake City, Curitiba na Stockholm, lakini Afrika hayajapata kukanyaga hata mara moja. Ninyi mnaoshughulika na jenomu na bayoteknolojia ya miti mna mkutano wenu pia ndani ya umoja huohuo. Uliwahi kufika Pretoria 2005. Baadaye ukaenda Arraial d'Ajuda nchini Brazili 2011, Asheville 2013, Florence 2015, Concepción 2017, Raleigh 2019. Kule Asheville watu waliopinga miti iliyobadilishwa vinasaba waliandamana, na baadhi yao wakakamatwa na polisi. Sisi hatuombi nafasi ya kusimama nje ya ukumbi na mabango. Tunadai viti ndani, kipaza sauti, na haki ya kujibiwa.

Tuliseme hili mapema ili pasiwe na shaka: elimu yenu tunaiheshimu. Mwaka 2006 mlichapisha jenomu ya mpopla mmoja wa Amerika Kaskazini, uliopewa jina la Nisqually-1, nao ukawa mti wa kwanza duniani kusomwa vinasaba vyake vyote. Mwaka 2013 ukafuata msprusi wa Ulaya, ambao jenomu yake ni kubwa zaidi ya mara sita ya ile ya binadamu. Mwaka 2014 ikaja zamu ya mkaratusi, na aliyeongoza kazi hiyo ni mwenzetu wa bara hili, Profesa Zander Myburg wa Chuo Kikuu cha Pretoria. Na pale Nairobi, kwenye makao ya kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF, kuna mpango wa kusoma jenomu za mimea 101 ya chakula ya Afrika ambayo watafiti wakubwa waliipa kisogo. Mlonge na mng'ongo ni miongoni mwa iliyokwisha kusomwa, na tangu 2013 wagunduzi wa mbegu kutoka nchi nyingi za Afrika wamefundishwa papo hapo. Tunajua basi kazi hii ina faida gani. Ndiyo maana inatuuma kuona inavyofanyika kwetu.

Malalamiko ya kwanza ndiyo mazito kuliko yote, nayo ni namna jani linavyotoka kijijini.

Hutokea hivi. Mtafiti anafika ofisi ya kijiji na barua ya wilaya. Anasaini kitabu cha wageni: jina, anakotoka, tarehe, na kwenye safu ya madhumuni anaandika "utafiti". Mtendaji anagonga mhuri. Kamati inatoa mtu wa kumsindikiza, na mtu huyo huchaguliwa kwa sababu anaijua miti mmoja mmoja. Anajua mvule upi huzaa kila mwaka na upi huruka miaka. Anaugonga mpingo kwa mgongo wa panga, anatega sikio, anasema huu una pango ndani, twendeni ule wa kule. Mgeni anainua mkasi wenye mpini mrefu, anakata kitawi, anachagua majani machanga na kuyatia kwenye kifuko chenye punje za silika za kuyakausha. Namba inaandikwa kwa penseli, maana wino hufutika. Kifaa cha GPS kinasomwa, tarakimu zinaingia daftarini. Jioni msindikizaji analipwa posho ya siku, anapewa mkono wa asante, gari linaondoka.

Baada ya hapo ni kimya. Kijiji hakijui kifuko kile kilikwenda nchi gani, kilifunguliwa na nani, na kilichogunduliwa ni nini. Kumbukumbu pekee iliyobaki ni ule mstari mmoja kwenye kitabu cha wageni.

Vijana wetu walioko vyuoni wametusomea baadhi ya makala zenu. Kuna sehemu mnapoeleza sampuli zilivyopatikana na kuchakatwa. Mmetaja aina ya mashine, kampuni iliyouza vitendanishi, hata toleo la programu ya kompyuta. Kijiji hakimo. Aliyejua mti ulipo hayumo. Wapo wazee waliofariki dunia baada ya kuwaonyesha watafiti miti ambayo leo inajulikana kwa namba kwenye maabara za ng'ambo, na watoto wao hawana hata karatasi ya kuonyesha kwamba baba alishiriki.

Mnazikumbuka habari za mibuyu ya Kilifi. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa ya pwani ya Kenya iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe kwa meli hadi bustani moja nchini Georgia, kwenye Bahari Nyeusi. Watu wakapiga kelele, na mwezi Novemba Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe kuona kama Itifaki ya Nagoya ilifuatwa. Kelele zile zilikuwa za haki. Lakini tafakarini: mbuyu ulionekana kwa sababu ulihitaji kreni na lori. Jani la mbuyu huohuo, lenye vinasaba vyote vya mti mzima, linapita uwanja wa ndege ndani ya bahasha na hakuna anayegeuza shingo. Na vinasaba vikishasomwa na kupakiwa kwenye hifadhidata za dunia, hata bahasha haihitajiki tena. Kampuni iliyo bara jingine inavishusha bure, saa yoyote, bila kumwomba mtu ruhusa.

Itifaki ya Nagoya iliafikiwa 2010 na ikaanza kutumika Oktoba 2014. Inataka ridhaa itolewe kabla rasilimali ya kijenetiki haijachukuliwa, na manufaa yagawanywe kwa haki. Lakini iliandikwa huku macho yote yakiwa kwenye jani, mbegu na gome. Mfuatano wa vinasaba uliomo ndani ya kompyuta ukabaki kubishaniwa. Ilibidi tungoje hadi Montreal, Desemba 2022, ndipo nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zikubaliane kwamba hata manufaa ya mfuatano huo ni ya kugawana, na hadi Cali, Kolombia, 2024, ndipo mfuko wa kazi hiyo upitishwe. Mfuko wa Cali ulizinduliwa Roma Februari 2025. Kampuni kubwa zinazonufaika na taarifa hizo zinatakiwa kuchangia asilimia 1 ya faida yao au asilimia 0.1 ya mapato yao, na angalau nusu ya fedha iwafikie watu wa asili na jamii za mahali husika. Tatizo ni kwamba mchango huo ni wa hiari. Asiyetaka kutoa, hatoi.

Ninyi mko mlangoni. Kampuni za mbao, karatasi, mafuta na dawa hupitia kwenu kupata vinasaba hivyo, hufadhili maabara zenu, hukaa safu ya mbele kwenye mikutano yenu. Kwa hiyo tunadai kwamba mkutano wa Nairobi utoke na tamko lenye sahihi: hakuna maabara yenu itakayoingia mkataba na kampuni juu ya mti wa Afrika Mashariki bila kipengele cha kuchangia Mfuko wa Cali. Kampuni ikikataa, nanyi mkatae fedha zake. Hiyo iko ndani ya uwezo wenu leo, haihitaji bunge wala mahakama.

Msione kwamba tunatia chumvi tunapohofia kitakachotokea tusiposema. Mnamo 1892 hivi, afisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikuta ua dogo la rangi ya zambarau kwenye Milima ya Usambara. Alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliandika rasmi kwa jina la familia hiyo, Saintpaulia. Leo ua hilo limo kwenye vyungu madirishani Ulaya na Amerika, limezaa biashara kubwa ya watu wengine. Kule lilikotoka, jamaa zake wa porini wameshikilia miamba ya kivulini katika vipande vya msitu vilivyobaki, na baadhi ya aina ziko karibu kutoweka. Wasambaa hawakupata kitu. Halikuwa mti, tunajua. Lakini milima ni ileile, njia iliyotumika ni ileile, na tofauti pekee ni kwamba siku zile ilibidi mbegu isafiri kwa meli.

Kuhusu ukusanyaji wa sampuli, madai yetu ni haya, na tunaomba myasome kama masharti. Ridhaa itolewe na mkutano mkuu wa kijiji, baada ya maelezo kusomwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya pale, na wananchi wapewe muda wa kuuliza na wa kukataa. Mhuri wa mtendaji peke yake hautoshi. Nusu ya kila sampuli ibaki nchini, kwenye taasisi ya taifa yenye jokofu na daftari linaloweza kukaguliwa. Jina la kijiji liandikwe kwenye kumbukumbu ya mfuatano katika hifadhidata, mahali ambapo kila atakayeutumia atalikuta. Aliyewaongoza hadi kwenye mti atajwe kwa jina katika makala kama mwenyewe anakubali, na pale mchango wake ulipokuwa wa maarifa, awe mwandishi mwenza. Matokeo yarudi: mtu aje, asimame mbele ya mkutano, aeleze walichokiona. Karatasi iliyotumwa kwa barua pepe ya wilaya haihesabiki kuwa marejesho.

Lipo na jambo la tarakimu za GPS, ambalo kwa wengi wenu ni dogo lakini kwetu ni la kufa na kupona. Mnapochapisha makala, mnaambatanisha jedwali la mahali kila mti ulipo, hadi mita chache. Mnaiita hiyo sayansi ya wazi. Chukueni msandali. Mafuta yake yako kwenye mizizi na kiini cha shina, kwa hiyo mwizi haukati, anaung'oa wote. Kenya iliupiga marufuku uvunaji wake 2007, na 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na bado malori yanakamatwa usiku. Chukueni mpingo wa Kilwa. Vijiji vile vilitenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya Tanzania ya 2002 inayoviruhusu kubaki na mapato yake, na 2009 vikapata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kuvunwa. Kijana anayefanya doria leo analinda mti ambao babu yake aliukuta ukiwa mche. Halafu jedwali linachapishwa kwenye mtandao likimwonyesha mwizi mti upo wapi na una unene gani! Tunadai tarakimu hizo zifichwe kwa miti yote inayowindwa, na atakayezihitaji kwa utafiti aziombe kwa kijiji na kwa taasisi ya taifa.

Vinasaba hivyohivyo vinaweza kutulinda, na hilo nalo tunalitaka. Gogo la mpingo likikamatwa bandarini, kipimo cha vinasaba kinaweza kusaidia kueleza limetoka msitu gani, na kijiji kilichovuna kwa halali kikatofautishwa na mfanyabiashara aliyeiba. Maktaba ya sampuli za kulinganishia ijengwe hapa, isimamiwe na watu wa hapa, na hakimu wa Lindi aweze kupata jibu bila kungoja maabara ya ng'ambo imalize foleni yake.

Sasa tuje kwenye miti mnayoichagua. Mpopla, msindano, mkaratusi: tazameni ratiba za mikutano yenu, na miti hiyo ndiyo iliyojaa. Tunaelewa sababu. Ina viwanda nyuma yake. Lakini mnakuja Nairobi, na miti inayolisha watu wa upande huu ina maswali ambayo elimu yenu ingeyajibu vizuri sana kama mngeyauliza.

Usambara Mashariki kuna msambu, ambao ninyi mnauita Allanblackia stuhlmannii. Mbegu zake zina mafuta yanayoganda yenyewe, ya aina inayopendwa na viwanda vya chakula, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanavijiji wa huko wamekuwa wakiokota mbegu hizo na kuwauzia wanunuzi. Aliyewahi kuuotesha msambu anajua maana ya subira. Mbegu inakaa mchangani miezi mingi, nyingine hupita mwaka, na ukichoka ukaipekua umeiharibu. Ikishaota, unaihamishia kwenye kiriba, unaiwekea kivuli, unaitoa kivuli kidogokidogo, unaipeleka shambani, unaikinga na mbuzi, unapalilia mwaka hadi mwaka. Ndipo siku moja mti unachanua na unagundua kwamba ni dume. Misambu ina madume na majike, na jike ndilo linalozaa. Hakuna jicho la mtunza kitalu linaloweza kutofautisha miche hiyo ikiwa kwenye kiriba. Wapo wanaobebesha kikonyo cha jike juu ya mche ili kukwepa bahati nasibu hiyo, lakini si kila kikonyo hushika. Kipimo cha vinasaba cha kutambua jinsia, kinachofanyika Morogoro kwa bei ambayo kikundi cha akina mama kinaimudu, kingebadilisha maisha ya watu tunaowajua. Tunadai kazi hiyo iwekwe mbele.

Mvule nao. Mbao yake haipingiki, na ukitembea pwani na bara utaiona kwenye milango ya zamani. Lakini jaribu kuotesha miche mingi pamoja: mdudu mdogo wa jamii ya Phytolyma hutaga kwenye majani machanga, vivimbe vinatokea, vinapasuka, ncha inaoza, na kitalu kinaonekana kama kimemwagiwa maji ya moto. Ndiyo maana mvule hukatwa sana na hupandwa kidogo. Hata hivyo, katikati ya miche inayokufa daima kuna michache inayosimama. Watunza vitalu wameiona, wameitenga pembeni, wengine wameipanda nyumbani kwao. Njooni muisome hiyo.

Na tuseme palipo na mfano mzuri, maana haki ni haki. Kule Kitui, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, ilishirikiana na Wajapani kuanzia 2012 hadi 2017 kwenye mukau, mti wa ukame wa Ukambani ambao mbao yake inakaribia mkangazi. Kokwa la mukau ni gumu ajabu. Wakulima walikuwa wakiokota makokwa kwenye mazizi, kwa sababu mbuzi hula tunda na kulitema kokwa, kisha wanalipasua kwa kisu na nyundo na kuichana ngozi ya mbegu kwa ncha ya wembe. Ukizidisha kidogo umekiua kiini. Mradi ule haukuanza kwa kuwafundisha watu wa Kitui mukau ni nini. Ulichagua miti bora kutoka maeneo makavu, ukaibebesha, ukaanzisha mashamba ya mbegu Kitui na Kibwezi, na mbegu bora zikarudi kwa wakulima wa ukanda uleule. Maabara ilikuwepo, vinasaba vilipimwa, makala zikaandikwa, na mkulima akabaki na kitu mkononi. Tunachodai kwa miti mingine ni hicho hicho.

Kuhusu miti iliyobadilishwa vinasaba, miongoni mwetu tuna maoni tofauti na hatutaficha. Wapo wasioitaka kabisa. Wapo wanaosema tungoje tuone. Tunachokubaliana wote ni kwamba isije kwa mlango wa nyuma. Uchina ilianza kupanda mipopla yenye jeni za kuua wadudu kibiashara 2002. Aprili 2015 Brazili iliidhinisha mkaratusi uliobadilishwa ili ukue haraka. Mwezi mmoja kabla, wanawake wa vijijini wa nchi hiyo waliingia kwenye kitalu na kuiharibu miche yake. Hatuwashangai. Mtu asiyeulizwa hutafuta njia ya kusikika. Mwaka 2008, mjini Bonn, nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilitaka tahadhari ichukuliwe na hatari zitathminiwe kabla ya miti ya namna hiyo kuachiwa. Tahadhari hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu mti si mahindi ya msimu mmoja. Chavua yake inapeperuka kwa miongo, na nyuki haulizi mpaka wa shamba. Wafugaji nyuki wa Tabora na Katavi wanauza asali ya miyombo kwa wanunuzi wa nje wanaopima kila pipa. Siku chavua isiyotakiwa itakapoonekana kwenye pipa moja, atakayepoteza soko ni wao, na mwenye hataza atakuwa mbali.

Tuna uzoefu wa aina hii, hata bila kubadilisha jeni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililetewa mikaratusi chotara ya vikonyo kutoka Afrika Kusini. Ilikua haraka kweli, na wakulima wengi waliuza nguzo na fito, wakasomesha watoto. Hatuwezi kuikana faida hiyo. Lakini 2002 nyigu anayetia vivimbe kwenye majani ya mikaratusi alionekana magharibi mwa nchi, akaenea hadi Uganda na Tanzania. Kisha 2009, mito ilipokauka, Waziri John Michuki akaagiza mikaratusi iliyo karibu na maji ing'olewe. Mkulima aliyepanda kwa ushauri wa wataalamu ndiye huyo aliyeng'oa kwa amri, na gharama zote mbili zilitoka mfukoni mwake. Kwa hiyo tunadai: jaribio lolote la mti mpya, uwe chotara au uliobadilishwa vinasaba, liwe na mfuko wa fidia uliowekwa benki kabla mche wa kwanza haujatoka kitaluni, na sahihi za vijiji vyote vinavyopakana, wafugaji nyuki wakiwemo.

Mafundi sanifu waliomo kwenye kundi letu wana lao, na tutalisema kwa ufupi. Mnawapa wafanye kazi ya kusaga majani na kuchuja vinasaba, halafu vinasaba vinasafirishwa ili mwenye shahada ng'ambo avisome. Mashine mnazoacha nyuma mnaziacha bila mkataba wa matengenezo. Vitendanishi vinakwama forodhani hadi baridi inaisha kwenye boksi. Kila mradi uwe na fungu la kumfundisha fundi wa hapa kusoma na kuchambua data mwenyewe, na fungu la matengenezo linalodumu baada ya ninyi kuondoka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kongamano la 2029 tunaomba mambo mahususi. Ada ya kujiandikisha isiwahusu wakulima, wakusanya mbegu na kamati za vijiji, na nauli zao zilipwe kutoka bajeti ileile inayolipia wazungumzaji wakuu. Wenzetu wa Kongo, Burundi na Msumbiji wasaidiwe karatasi za kusafiria mapema, siyo wiki ya mwisho. Kiswahili kiwe na wakalimani katika kumbi zote zinazojadili miti ya ukanda huu. Umoja wa Afrika tayari unakitumia kama lugha ya kazi, na wakalimani wazuri wapo Nairobi na Arusha. Siku moja nzima itengwe, katikati ya ratiba na si alasiri ya mwisho watu wakiwa wameshafunga mizigo, ambapo watunza miti ndio watakaozungumza na wanasayansi watauliza maswali.

Tunaomba majibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, yenye jina la anayejibu na tarehe ya utekelezaji kwa kila dai, kabla ratiba ya kongamano haijafungwa. Nakala zitumwe kwa taasisi za utafiti wa misitu za nchi zetu tatu, nazo tumeziomba zizipeleke kwenye ofisi za vijiji ili zisomwe kwenye mkutano mkuu. Dai mtakalolikataa, andikeni sababu. Tutakuja Nairobi tukiwa nayo mkononi, na tutaanzia hapo.

Tunaomba kuwasilisha.